Namna ya Kulisoma Tabaka la Plazma

Ukienda karakana kuchukua slivu ya pampu iliyopakwa upya, utakabidhiwa kitu kinachong'aa. Usikisifu bado. Tabaka gumu likishasagwa kwa jiwe la almasi hung'aa, liwe zima au bovu, na ukipitisha kidole hutahisi tofauti. Ubora wake umekaa mahali pawili pasipoonekana kaunta: ndani ya tabaka lenyewe, ambamo huoni kitu mpaka kipande kikatwe, na ndani ya daftari la majaribio yaliyofanywa kabla kazi yako haijaanza. Nitapita pote pawili, lakini daftari nitalikalia zaidi. Wapo mafundi hodari wa kushika bunduki ambao daftari lao halifai hata kufungia vitumbua.

Tuchukue mfano mmoja ili tusitawanyike: unga wa alumina uliochanganywa na titania kiasi cha asilimia 13, unaopulizwa kwa bunduki ya plazma. Ni unga wa kazi za kila siku: slivu za pampu, shafti mahali panapokaa sili, miongozo ya nyuzi katika viwanda vya nguo, na sehemu nyingine zinazosuguliwa bila kugongwa sana. Anayeuelewa huu ataelewa na kabidi ya tungsteni, zinki au zirkonia, kwa kuwa maswali ya kuuliza ni yale yale.

Sanaa ya kunyunyiza metali iliyoyeyuka ilianzia Zürich mwanzoni mwa karne ya 20, kwa Mswisi Max Ulrich Schoop. Bunduki ya plazma ilikuja baadaye. Ndani yake gesi ya agoni, ikiongezewa haidrojeni kidogo, hupita katikati ya cheche ya umeme inayowaka kati ya elektrodi mbili, na joto lake hupanda kupita nyuzi 10,000. Unga hutiwa kwenye ndimi hizo. Kila chembe huyeyuka ikiwa safarini, hukimbia mamia ya mita kwa sekunde, kisha hujibamiza kwenye chuma na kutandazika kama chapati yenye unene wa mikromita chache tu, na kuganda papo hapo. Tabaka ni maelfu kwa maelfu ya chapati hizo zilizolaliana. Chembe isiyoyeyuka hubaki mviringo katikati ya nyingine na kuacha mwanya pembeni. Iliyoungua kupita kiasi hutapakaa na kurusha vitone. Kazi yote ya fundi ni kuziivisha kadiri inavyofaa na kuzifanya zishikane.

Lakini kabla ya bunduki kuwashwa, chuma hupigwa mchanga ili kiwe na makwaruzo ya kushikia. Hapa ndipo pwani yetu inapoonea watu. Chuma kilichotoka kupigwa mchanga kiko uchi, na asubuhi ya masika Tanga, Mombasa au Dar es Salaam hakichelewi kupata wekundu mwepesi usioonekana kwa haraka. Desturi ya kazi hii ni kuhakikisha joto la chuma linazidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau, na kupuliza ndani ya saa chache. Mwenye karakana makini ataandika saa ya kupiga mchanga na saa ya kuanza kupuliza. Ukikuta saa hizo hazipo kwenye fomu, weka alama ya kwanza ya shaka.

Sasa omba kipande kilichokatwa. Karakana inayojiheshimu hupuliza sampuli pembeni ya kazi yako, kwa unga ule ule na siku ile ile, kisha huikata, huifukia kwenye epoksi, huing'arisha na kuitazama kwa hadubini. Picha hiyo inasema mengi, na inaweza pia kudanganya kwa njia mbili zinazopingana. Kauri ikisagwa kwa pupa hung'oka vipande vidogo, na mashimo yaliyoachwa yakahesabiwa kuwa vitundu vya tabaka. Metali laini nayo ikisagwa vibaya hupakazika na kuziba vitundu vya kweli, na tabaka bovu likatoka safi kabisa. Kwa hiyo asilimia ya vitundu bila maelezo ya jinsi sampuli ilivyoandaliwa haina uzito. Dawa yake inajulikana: epoksi nyepesi huingizwa kwa pampu ya vakyumu kabla ya kung'arisha, mara nyingi ikiwa imetiwa rangi. Kitundu kilichojaa epoksi kilikuwapo tangu mwanzo. Shimo kavu lenye kingo kali, lishuku kuwa limechimbwa na msasa.

Macho yako yashuke kwanza kwenye mpaka kati ya tabaka na chuma. Ukiona vipande vyeusi vyenye pembe vimejipanga hapo, ni mabaki ya mchanga uliopigwa ukakwama, na hapo ndipo tabaka litakapoanza kubanduka. Halafu tazama nyufa. Ufa unaolala sambamba na chuma ni habari mbaya kila mara. Ufa uliosimama wima haushtui kiasi hicho, na wanaopaka zirkonia kwenye injini za ndege huutengeneza kwa makusudi ili tabaka lipate nafasi ya kutanuka. Mwisho, uliza ni sehemu ngapi za sampuli zilizopigwa picha na nani alizichagua. Mimi huomba picha ya sehemu mbaya kuliko zote. Fundi anayejiamini huitoa bila kununa.

Kuhusu nguvu ya kushika, kipimo kinachotumika sana ni kile cha kiwango cha ASTM C633: vipande viwili vya duara hugundishwa, kimoja kikiwa na tabaka, kisha huvutwa mpaka kimoja kiachie. Watu hupenda kujivunia namba hii. Wewe uliza kilichokatika. Kama gundi ndiyo iliyoachia, umepima gundi, na gundi bora za kazi hii hukoma kwenye megapaskali 70 au 80 hivi. Ripoti ya karakana mbili zenye 72 na 78, zote gundi ikiwa imeachia, haikuambii nani bora. Tena kiwango hicho kinataka tabaka la majaribio lizidi milimita 0.38, kwa kuwa gundi huweza kupenya vitunduni na kushika mpaka chuma chenyewe. Mtu akikuletea namba nzuri ya tabaka jembamba, huenda amepima daraja la epoksi.

Hayo ni ya tabaka. Tuje kwenye daftari.

Fundi wa plazma ana vigeu vingi mkononi, yaani vitu anavyoweza kuvipandisha na kuvishusha: mkondo wa umeme, kiasi cha agoni, kiasi cha haidrojeni, kasi ya kumwaga unga, umbali kutoka bunduki hadi kazini, mwendo wa bunduki, pembe. Njia ya kuzoeleka ya kutafuta mpangilio mzuri ni kubadilisha kimoja na kuvifunga vingine vyote, kisha kuhamia kinachofuata. Inaonekana ya kisayansi na hata shuleni tulifundishwa hivyo. Kwa kazi hii ni njia mbovu, na namba zifuatazo, nilizozitunga kwa mfano tu, zinaonyesha sababu.

Tuseme unatafuta vitundu vichache. Ukiwa na mkondo mdogo na umbali wa milimita 100, unapata asilimia 8. Unarudi nyuma hadi milimita 130, vitundu vinapanda hadi 11, kwa kuwa chembe ambazo hazikuiva vizuri zimezidi kupoa njiani. Basi unaandika kwamba umbali mkubwa ni mbaya na unarudi 100. Sasa unapandisha mkondo: vitundu 6. Unafurahi, unafunga daftari. Lakini kona ya nne hukuigusa. Mkondo mkubwa kwa umbali wa milimita 130 ungekupa 4, kwa sababu chembe zilizoiva sana zinahitaji nafasi zaidi zisitapakae na zisikichemshe chuma. Athari ya umbali inageuka kulingana na mkondo. Huo ndio mwingiliano, na ukikokotoa wastani wa athari ya umbali kwenye kona zote nne utapata nusu asilimia tu, kana kwamba umbali hauna maana yoyote. Ukweli ni kwamba una maana kubwa, ila hauzungumzi peke yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitafuta kwenye daftari ni kona. Je, vigeu vilibadilishwa pamoja, kwa mpango, kila kimoja kikikutana na viwango vyote vya mwenzake? Vigeu vitano vyenye viwango viwili viwili vinazaa michanganyiko 32. Haihitajiki kupuliza yote. Nusu yake iliyochaguliwa kwa kanuni, yaani 16, inatosha kuonyesha athari za kila kigeu na mwingiliano wa kila viwili, mradi ukubali kwamba miingiliano ya vigeu vitatu kwa pamoja ni midogo. Ongeza sampuli tatu au nne za katikati kabisa ya viwango vyote, ujue kama uso wa matokeo umenyooka au umepinda. Kuna mipango inayobana zaidi, vigeu saba ndani ya majaribio manane. Hiyo ni ya kuchuja tu: athari ya kigeu kimoja hujificha ndani ya mwingiliano wa vingine viwili, na anayeitumia kutangaza mpangilio bora anacheza bahati nasibu.

Jambo la pili ni kura, yaani kuachia bahati ipange zamu za sampuli, na hapa nitasimama kidogo kwa kuwa ndipo wengi huanguka. Elektrodi za bunduki ya plazma huliwa taratibu. Kadiri saa zinavyopita, volti hushuka, nguvu hupungua, na chembe hupoa bila fundi kugusa swichi yoyote. Sasa chukua mtu aliyepanga majaribio yake kwa unadhifu: asubuhi mkondo mdogo wote, mchana mkondo mkubwa wote. Kila athari ya mkondo imefungwa pamoja na uchakavu wa elektrodi, na hakuna hesabu duniani itakayozitenganisha baadaye. Angepiga kura mpangilio wa sampuli, uchakavu ungetawanyika kwa wote na kuwa kelele badala ya uongo. Daftari lenye safu ya viwango vilivyopangwa vizuri kutoka kidogo hadi kikubwa, na saa za kupuliza zikifuata mpangilio ule ule, mimi hulirudisha.

Wazo hili halikutoka kwa wahandisi. Mwanatakwimu Ronald Fisher alilijenga kwenye mashamba ya Rothamsted, Uingereza, alikofika mwaka 1919, na akalieleza kwenye kitabu chake cha 1935 kuhusu usanifu wa majaribio. Shamba lina upande wenye rutuba na upande wa mawe, hivyo mbegu hugawiwa vitalu kwa kura. Mhitimu yeyote wa kilimo kutoka Sokoine au Egerton amelisoma na pengine amelitolea jasho juani. Ajabu ni kwamba mhandisi wa kiwanda kilicho jirani na shamba hilo mara nyingi halijui. Vitalu vya mkulima kwetu ni siku za kazi na magunia ya unga: ukijua huwezi kumaliza kwa siku moja, gawa majaribio mafungu mawili yenye uwiano, kila fungu siku yake, na tofauti ya siku utaitoa kwenye hesabu. Na kama kuna kigeu kisichobadilika kirahisi, kwa mfano nozeli inayotaka bunduki izimwe na kufunguliwa, mkulima amekwisha kulitatua hilo pia. Umwagiliaji hauwezi kubadilishwa mstari kwa mstari, hivyo hupewa kitalu kikubwa, na mbolea hugawiwa vipande vidogo ndani yake. Nozeli ifanywe hivyo hivyo, lakini hesabu iseme wazi kwamba ilifanywa hivyo. Vinginevyo nozeli itaonekana kuwa na uhakika usio wake.

La tatu ni marudio. Fundi atakuonyesha vipimo kumi vya ugumu na kusema amerudia mara kumi. Tazama vizuri: ni vishimo kumi vilivyobonyezwa kwa almasi juu ya sampuli moja. Hivyo vinakuambia jinsi sampuli ile inavyotofautiana toka sehemu hadi sehemu, na ni habari njema kuwa nayo, lakini havikuambii chochote kuhusu bunduki ikizimwa, ikiwashwa tena na kupuliza sampuli nyingine kwa mpangilio ule ule. Marudio ya kweli huanzia kwenye kupiga mchanga. Karakana ikidai tofauti ya asilimia moja ya vitundu kati ya mipangilio miwili, uliza sampuli mbili za mpangilio mmoja zilitofautiana kiasi gani. Mara nyingi jibu huwa asilimia moja na nusu, na hoja huishia hapo.

Kuna mtego mmoja ninaoukuta sana kwenye ripoti zenye grafu za rangi. Mpango wa mhandisi Mjapani Taguchi uitwao L9 unapendwa kwa kuwa ni mfupi: majaribio tisa, vigeu vinne, kila kimoja viwango vitatu. Hesabu yake ni rahisi kuikagua. Majaribio tisa yanatoa nyuzi huru nane, yaani habari nane za kutumia kwenye hesabu. Kila kigeu cha viwango vitatu kinakula mbili. Vigeu vinne vimekula nane zote, hakuna iliyobaki ya kupima kelele. Ripoti ikikuambia kwamba modeli imelingana na data kwa asilimia 100, inasema tu kwamba kamba imekatwa kwa urefu wa mzigo. Miingiliano nayo imechanganyika na athari za vigeu vyenyewe, na tumeona ilivyo muhimu kwenye plazma. Taguchi alifanya jambo kubwa kuwafundisha wenye viwanda watafute mpangilio usioyumba. Meza zake fupi, zikitumiwa na mtu mwenye haraka, zimezaa pia uhakika mwingi wa bandia.

Hilo la kutoyumba ndilo kipimo changu cha mwisho cha mpangilio. George Box na K. B. Wilson, waliochapisha mbinu yao ya nyuso za matokeo mwaka 1951 kutokana na kazi za kiwanda cha kemikali, walituonyesha jinsi ya kupanda kilima kwa hatua zenye hesabu hadi karibu na kilele. Lakini kwenye karakana kilele chembamba ni mahali pabaya pa kukaa. Elektrodi zinaliwa, unga wa gunia jipya una chembe kubwa kidogo, presha ya gesi inacheza. Mpangilio unaokupa vitundu asilimia 3 leo na 7 ukisogea milimita kumi tu, siutaki. Nipe ule wa asilimia 4 unaobaki 4 hata mkono ukiteleza. Omba uonyeshwe mchoro wa uso huo, na utazame kama nukta iliyochaguliwa iko kwenye uwanda au kwenye ukingo.

Na kabla ya kilele chochote, hakikisha wamepanda kilima sahihi. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya unga huu huu wa alumina na titania asilimia 13, ukiwa umetengenezwa kwa punje za nano, kwa matumizi ya jeshi la majini. Badala ya kuhangaika na mkondo, volti na gesi kila kimoja peke yake, walifuatilia kigeu kimoja chenye maana ya kifizikia: nguvu ya umeme ikigawanywa kwa mtiririko wa agoni. Kigeu hicho kikiwa juu, unga huyeyuka wote. Kikiwa chini, mwingi hubaki mbichi. Tabaka lililostahimili kupasuka vizuri zaidi lilipatikana katikati, ambapo sehemu ya unga ilikuwa imeyeyuka nusu tu na kubaki na punje zake ndogo ndani ya tabaka. Mtu aliyeambiwa apunguze vitundu na kuongeza uyeyukaji kwa kila hali angelipita tabaka hilo bila kulitazama.

Kwa hiyo muulize fundi alikuwa akipima nini na kwa nini. Slivu yako inaliwa na mchanga uliomo majini? Basi kipimo ni uchakavu wa mchanga, kama ule wa gurudumu la mpira wa ASTM G105, na ugumu ni msaidizi tu. Inavuja dawa hadi kutu inaanza chini ya tabaka? Basi vitundu vilivyoungana ndivyo adui, na hata kiziba vitundu kinachopakwa juu kinaweza kukufaa kuliko wiki nzima ya majaribio. Ripoti iliyopandisha ugumu kwa ustadi, kwa kazi ambayo ugumu hauamui chochote, ni ripoti nzuri ya kazi ya mtu mwingine.

Fundi atalalamika kwamba majaribio 16 na marudio yake ni ghali: gesi, unga, kukata, kung'arisha. Mkubalie, ni ghali. Halafu mwombe ahesabu sampuli zote alizopuliza mwaka uliopita kwa kubahatisha, zile zilizoishia kwenye pipa la vyuma chakavu bila kuandikwa popote. Karakana nyingi zimekwisha kuyalipia majaribio hayo bila kuyapata.

Ukishakubaliana na mpangilio, bakisha fedha ya mwisho mpaka uone sampuli za uthibitisho: tatu angalau, zilizopulizwa siku nyingine, kwa gunia jingine la unga, kwa mpangilio ulioandikwa kwenye ripoti, na zikakatwa na mtu ambaye hakushika bunduki. Zikiangukia ndani ya mipaka ambayo hesabu ilitabiri, lipa na uchukue slivu yako. Zikitoka nje, usimlipe mtu kwa grafu.